Kati ya Tabaka la Sita na la Saba

Jumamosi, 6 Aprili

Boriti iliyonyooka ni mtu mwema. Unaiwekea uzito, inakuambia inaumia wapi, unaandika jibu, unakwenda kulala. Iliyopinda ni mjanja. Na iliyopinda halafu ikaundwa kwa matabaka — mbao nyembamba kumi na mbili za msonobari, moja juu ya nyingine, na kitambaa cha nyuzi za kioo chini na juu — hiyo ni ukoo mzima wenye ugomvi. Kila tabaka lina lake la kusema.

Wiki ya tatu sasa. Kompyuta inanipa jibu hili, kalamu inanipa lile. Tofauti si kubwa. Lakini ipo, inaniwasha.

Baba aliingia na viatu vya tope mpaka jikoni. Vipi, mhandisi wetu, boriti zimefaulu mtihani? Nikamwambia bado. Akasema zimeshapandishwa juu ya mto, zinasimama zenyewe, zinataka mtihani gani tena. Kisha akafungua friji yangu, akakata jibini la kahawia, akala amesimama. Hakunikatia.

Nijikumbushe kwa nini nilikubali. Mafuriko ya Oktoba yaliondoka na daraja la zamani. Tangu hapo watoto wa ng'ambo, Tiril wangu akiwamo, wanakwenda shule kwa barabara kuu, malori yakiwarushia theluji chafu usoni. Manispaa ikasema subirini miaka minne. Baba akaitisha msaragambo, na kijiji kizima kikaja. Kila mtu alitoa alichonacho. Gaute alitoa ukumbi wa kiwanda chake cha mbao. Mama alitoa kahawa na maandazi. Baba, seremala mstaafu, akawa mwenyekiti na msimamizi. Mimi nikatoa mahesabu. Na sahihi, maana bila sahihi ya mhandisi manispaa hairuhusu mtu kupita.

Mwenye nyundo anaonekana akitoa jasho. Mimi naulizwa nafanya nini ndani siku nzima.

Jumanne, 9 Aprili

Nimeipata! Nilikuwa nimehesabu sehemu ya mpindo kana kwamba imenyooka. Ule mstari ndani ya boriti usiovutwa wala kubanwa, kwenye mpindo haukai katikati. Unahamia upande wa ndani wa mpindo. Nilifundishwa hayo Trondheim. Lakini miaka kumi na tano nimehesabu maghala ya samaki tu, na maghala ya samaki yamenyooka.

Sasa kompyuta na kalamu vinapatana. Watu wakipita juu, uzito wao unataka kuunyoosha upinde. Na upinde ukinyooshwa, matabaka yanataka kuachana — la juu liende juu, la chini liende chini. Hapo hakuna msumari. Yameshikwa na gundi peke yake.

Kama gundi ina nguvu sawa na mbao, daraja linabeba mara tatu ya watu tunaowatarajia. Mara tatu! Nilicheza jikoni na Tiril akaniuliza kama nimeumwa na kitu.

Ila hilo "kama" linanikera. Nataka kuona kwa macho. Kesho namwomba Gaute vile vipande walivyokata kwenye ncha za boriti.

Jumatano, 10 Aprili

Gaute amevichoma.

"Ulitaka nivifanye nini, Ingvill, nivivishe taji?" Ukumbi ule ni baridi, akasema, jiko linakula sana, na mbao yenye gundi inawaka vizuri. Nikamwuliza, hata kimoja hakikubaki? Akakuna ndevu. Kuna kimoja anazuilia mlango wa kiwanda. Na kingine anadhani Mama alikichukua.

Mama anakikanyaga kufikia rafu ya juu. Hataki kukitoa. "Miaka yote natafuta kitu cha kimo hiki, leo nimekipata, unakuja na patasi."

Jumapili, 14 Aprili

Nimeanza na kile cha mlangoni. Penseli ya Baba bado inasomeka: boriti ya kaskazini.

Gundi nzuri ukiipasua haipasuki yenyewe. Inapasuka mbao, na unaona nyuzi zimeng'oka pande zote mbili. Nikaweka patasi kwenye kila mstari, nikagonga. Wa kwanza, nyuzi. Wa pili, nyuzi, na mkono ukaniuma. Ikaendelea hivyo mpaka kati ya tabaka la sita na la saba. Hapo kikafunguka kama mlango. Pigo moja, tena dogo. Ndani panang'aa, laini kama ukucha.

Nikakaa kwenye theluji na suruali yangu ya nyumbani.

Huenda ni mvua. Kilikaa mlangoni majira yote ya baridi, kikakanyagwa, kikalowa. Huenda ni mvua tu.

Jumatano, 17 Aprili

Si mvua. Kile cha Mama kimekaa jikoni karibu na jiko, kikavu kabisa. Boriti ya kusini, iliyotiwa gundi Jumamosi nyingine. Nimemnunulia kigoda kipya ndipo akakiachia.

La sita na la saba. Panang'aa vilevile. Mistari mingine yote imara.

Sielewi. Gundi mbovu ingekuwa mbovu kila mahali. Baridi ingeharibu la kwanza au la mwisho. Boriti mbili, siku mbili, kosa moja, mahali palepale! Kitu gani kinajua kuhesabu mpaka sita?

Jumamosi, 20 Aprili

Nimemwambia Baba. Nilimpelekea vipande vyote viwili kwenye karakana yake, nikaviweka mezani vimefunguka. Alivigeuza muda mrefu. Alipitisha kidole gumba kwenye ule mng'ao.

Kisha akaanza. Kwanza ni patasi yangu, nimeinoa kupita kiasi. Halafu ni ncha, ncha siku zote ni dhaifu, katikati ni habari nyingine. Halafu ni mimi. "Umekaa na namba mpaka unaona nyufa kwenye mkate." Amejenga nyumba arobaini katika bonde hili na hakuna hata moja iliyolala chini.

Nikasema hakuna hata moja iliyopinda.

Hapo alinuna. Akafagia meza ambayo ilikuwa safi. Naondoka akaniambia nisiende kuyasema haya dukani.

Jumatatu, 22 Aprili

Nimehesabu upya, mstari wa sita ukiwa haupo. Boriti ya matabaka kumi na mawili inakuwa boriti mbili za sita sita, zimelaliana bila kushikana. Nilijua itakuwa mbaya. Kubonyea kunaongezeka mara nne, na mkazo kwenye mbao mara mbili. Watu wachache wakipita kwa nafasi, linabeba. Umati ukisimama juu yake, sijui. Umati ukipiga hatua pamoja, hapana.

Na umati unakuja. Tarehe kumi na saba Mei, sikukuu ya taifa, Baba anataka msafara wa watoto upite juu ya daraja. Shule nzima na bendera zao, bendi mbele, wazazi nyuma. Mto wakati huo umejaa maji ya theluji. Ni hilo tu ninalolifikiria sasa, hata nikiosha vyombo.

Jumamosi, 27 Aprili

Najua sasa. Afadhali nisingejua.

Leo ulikuwa msaragambo wa kupaka rangi kingo za daraja. Watu kumi na mmoja, kila mmoja na mbao zake. Saa nne na nusu Mama akatokeza mlangoni kwa Gaute: "Kahawa!" Nilikuwa katikati ya ubao. Nikasema ngoja nimalize huu. Baba akaitoa brashi mkononi mwangu. "Rangi itasubiri. Kahawa haisubiri." Watu wakacheka, tukaenda.

Kahawa ya msaragambo si kikombe kimoja. Kuna maandazi ya iliki, kuna maandazi ya pili, kuna bahati nasibu ya soksi alizofuma Mama. Mshindi lazima azivae palepale. Gaute alishinda tena, akazungukazunguka amevaa soksi za waridi. Tulikaa karibu saa nzima.

Tuliporudi, rangi yangu ilikuwa imeshika ngozi. Nikapaka kuanzia pale, ikatoka mstari kama kovu. Nikaangalia wa jirani — mstari. Wa baada yake — mstari. Nikaenda mpaka mwisho wa daraja na kila mtu alikuwa na mstari wake, mahali palepale, katikati ya ubao. Hapa kwetu hata kosa linafika kwa saa.

Nikamfuata Gaute. Nikamwuliza kama mtu anayepiga soga: siku ile ya kutia boriti gundi, kabla ya kahawa mlikuwa mmefika wapi?

"Nusu. Mara zote mbili. Baba yako ni saa ya ukutani, sita kabla ya kahawa, sita baada."

Na gundi ya juu ya la sita?

"Ilikuwa imeshapakwa. Si tuliitwa?"

Gundi ile ikipakwa haitakiwi kukaa wazi zaidi ya dakika ishirini. Imeandikwa kwenye kila ndoo. Nao walikuwa wamewasha jiko ukumbi ukapata joto, hewa kavu, gundi inatazama dari, na watu wote upande wa pili wanagombania soksi. Ilipofika zamu ya tabaka la saba, likawekwa juu ya gundi iliyokauka kama kioo.

Nilirudi nikamalizia kupaka rangi.

Jumapili, 28 Aprili

Chakula cha mchana kwa wazazi. Nyama ya kondoo, viazi. Nilikuwa nimepanga kusema taratibu. Nikasema vibaya, yote kwa pumzi moja, kabla mchuzi haujafika kwangu.

Baba aliendelea kukata nyama vipande vidogo, vidogo zaidi, akaviacha. Nilitarajia aniite mjinga. Angeniita mjinga ningefurahi. Ananyamaza hivyo anapojua jambo ni kweli, namjua.

Mama ndiye aliyesema. "Kwa hiyo ni kahawa yangu."

Nikasema si kahawa, Mama, ni gundi, ingepakwa baada ya kahawa isingekuwa neno. Akasema, "Mimi ndiye niliyeita." Tiril akauliza nani kafanya nini.

Wakati wa kuosha vyombo Mama alikausha sahani moja mpaka nikamnyang'anya.

Alhamisi, 2 Mei

Kikao cha kamati, ukumbi wa Gaute. Nilikwenda na suluhisho, sikwenda na lawama. Skrubu ndefu, zenye meno mwili mzima, zipenye kutoka juu mpaka chini ya boriti kwenye mpindo wote. Zitayashona matabaka yasiachane. Daraja litakuwa na nguvu kuliko tulivyopanga mwanzo. Nimeshaulizia: zinatoka Austria, zinafika mwisho wa mwezi. Tunafungua Juni. Basi. Ni hilo tu ninaloomba.

Sikutaja kahawa. Nilisema "mstari mmoja haukushika". Baba, kwenye kiti cha mwenyekiti, aliangalia mikono yake.

Juni! Ungedhani nimesema tuuhamishe mto. Ragna, anayeongoza bendi, amewafundisha watoto wimbo mpya mahususi wa kuvukia. Shule imeshapeleka ratiba majumbani. Mzee mmoja akasema boriti zikitobolewa zitafanana na uzio wa kuku. Mwingine akasema watoto ni wepesi, mtoto ana uzito gani? Nikasema mia na thelathini wao, pamoja na tarumbeta kubwa la tuba, pamoja na mama zao. Mtu nyuma akasema, si kwa sauti kubwa: "Ukisoma sana unaogopa hata ngazi."

Kisha Gaute, mwenye nia njema, ndiye aliyeharibu. Akasema sahihi si inahitajika daraja likifunguliwa rasmi? Basi tusilifungue rasmi. Msafara upite siku hiyo moja tu, halafu tufunge, tutie skrubu za Ingvill, tufungue Juni kwa keki.

Wakapiga makofi. Siku hiyo moja! Kana kwamba mbao zinasoma kalenda.

Nilimwangalia Baba. Neno lake moja lingetosha. Akasema, "Nani anaunga mkono?" na mikono yote ikainuka isipokuwa wangu na wa Mama. Mama alikuwa ameshika birika kwa mikono yote miwili, kwa hiyo sijui.

Jumanne, 7 Mei

Dukani. Mwuzaji kaniuliza kama nataka mfuko au nitahesabu kwanza kama utabeba.

Tiril kanuna. Darasa lake ndilo linalotangulia nyuma ya bendi. Nimemwambia hapiti. Akasema, "Kwa hiyo nitabaki peke yangu upande wa shule?"

Jumapili, 12 Mei

Leo wamelijaribu. Hawakuniambia. Nilisikia trekta, nikatoka mbio na soksi.

Gaute alikuwa ameifikisha trekta yake ndogo kwenye mdomo wa daraja, tela nyuma limejaa magunia ya viazi vya mbegu. Nusu ya kijiji iko ukingoni wanapiga picha. Baba kasimama kando, kofia mkononi. Niliwaomba wasubiri. Nikafunga uzi kutoka nguzo hadi nguzo na kuweka rula katikati. Angalau hilo waliniachia, wakicheka.

Gaute akaendesha mpaka katikati, na daraja likabonyea. Halikuvunjika. Gaute akapiga honi, watu wakashangilia, na mtu akaja kunipa pole, pole kabisa, kama niliyefiwa.

Trekta ilipotoka hakuna aliyeangalia rula ila mimi. Daraja halikurudi lote. Lilipanda, likasimama, likabakiza unene wa kidole. Kule ndani kuna kilichoteleza. Niliwaita waje waone. Kidole! Ni uzi umelegea, Ingvill. Ni rula imepinda. Ragna akasema kwa upole kabisa kwamba kila kitu kipya hukaa kidogo, hata godoro.

Baba alikuja. Aliinama akaangalia. Akainuka, akavaa kofia, akaenda zake nyumbani kwa miguu.

Jumatano, 15 Mei

Nimepiga simu manispaa. Kijana mpole. Bila sahihi daraja limefungwa, akasema, sheria iko wazi. Nikasema vizuri, njooni mlifunge. Akasema kesho ofisi inafunga mapema, na Ijumaa ni sikukuu, hakuna mtu kazini. Akanishauri niweke kibao.

Nimeweka kibao. Saa tisa alasiri kilikuwepo. Saa kumi na moja hakipo. Nimeweka kingine. Nacho kimekwenda.

Nimechoka. Sina hamu ya kuwa mwenye haki. Natamani wao ndio wawe na haki, wapite, waimbe, na mimi nichekwe mpaka nizeeke.

Alhamisi, 16 Mei

Baba kaja. Safari hii alivua viatu mlangoni. Alikaa mezani bila kuvua koti.

Nilimwambia bado kuna muda. Msafara unaweza kuzunguka barabara kuu. Nimeshaongea na wenye malori wawili, watasimama. Ni robo saa zaidi tu. Aseme neno moja, watamsikiliza.

Akasema akiwageuza kesho, wote watauliza kwa nini. Na si watu wa kuachia jambo. Watafika kwenye ukumbi, watafika kwenye ile Jumamosi, watafika kwenye maandazi. "Miaka arobaini mama yako anaita watu kahawa. Unataka nimfanyie nini?"

Nikasema, ni Mama unayemlinda?

Akasema, "Mimi ndiye niliyewaambia waweke brashi chini." Akalisema huku akiangalia friji. Kisha akasema hajalala tangu ile Jumapili ya chakula, na kwamba lilibeba trekta, Ingvill, trekta, wewe mwenyewe uliona. Nikasema na wewe uliona kidole.

Nampenda, na nilitaka kumshika mabega nimtikise mpaka meno yagongane. Nilimmiminia kahawa. Hakuigusa.

Mlangoni akaniambia, kama hutaki, mzuie wako nyumbani. Nikamwuliza, na wa wenzangu? Alikuwa anafunga kamba za viatu, akachukua muda mrefu sana.

Ijumaa, 17 Mei

Naandika hapa hapa, kwenye mdomo wa daraja, upande wa shule. Nimekaa kwenye kiti cha jikoni. Nimevaa vazi langu la sikukuu, sketi nzito nyeusi, vito vyangu vyote vya fedha kifuani. Nilifikiri nikija na suruali ya kazi wataona mhandisi. Acha wamwone binti wa hapa.

Mto unanguruma, wa kahawia, umejaa mpaka kwenye mizizi ya miti. Jua lipo. Tiril nimemwacha na msafara. Nilitaka kumfungia ndani, nikashindwa kumfungia mmoja tu. Yuko huko mstari wa mbele nyuma ya bendi, na bendera yake.

Tayari wamepita wawili watatu wakanitazama. Gaute akasema, Ingvill, binti, inuka, unajiaibisha. Nikamwambia anibebe yeye basi. Alisimama kidogo akifikiria kama ataweza. Akaenda.

Kiti kimoja hakizibi daraja. Kushoto kwangu kuna nafasi ya watoto wawili kupita bega kwa bega. Nimeipima. Sikulifikiria hilo nyumbani — mimi, wa kupima kila kitu.

Bendi inasikika. Wako shuleni bado, wanapanga mistari.

Mama anakuja. Anatoka upande wa kwetu, anavuka daraja peke yake, amevaa vazi lake la sikukuu na amebeba kile kigoda nilichomnunulia. Anatembea katikati, taratibu. Daraja halikusema kitu chini yake.

Amefika. Hajanisalimu. Ameangalia nafasi ya kushoto, ameweka kigoda pale, amekaa. Amenyoosha sketi. Nimemwambia Mama, watauliza kwa nini. Amesema, "Nitawaambia mimi."

Kisha akaniuliza kama nimekula.

Wametokeza kwenye kona. Bendi, tuba inang'aa, bendera nyekundu nyingi. Ragna anatembea kinyumenyume akiwaongoza kwa mkono. Tiril namwona. Baba yuko mbele ya wote na bendera kubwa, kofia ya sherehe, mkanda wa mwenyekiti. Ametuona. Ameniona kwanza mimi, kisha amemwona Mama.

Mama ameshika mkono wangu wa kushoto, ule wa kushikia daftari, ndiyo maana mwandiko umekwenda hivi. Baba hajapunguza mwendo. Wala bendi. Hatua thelathini hivi, na anaangalia kigoda cha Mama. Nafunga daftari.